Na wale waliojifunika blanketi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kuanzia mwaka 1994 hadi nilipostaafu 2017, katika shule moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo sitaitaja. Jumatatu ijayo mjukuu wangu anaripoti kidato cha kwanza, bweni. Wiki nzima hii nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine zaidi ya tranka, ndoo mbili, godoro, kandambili na kufuli lenye funguo mbili.

Juzi jioni binti yangu alikuwa anamwonyesha mwanawe namna ya kukunja shuka. Nikamsikia akimwambia maneno ambayo nimeyasikia kila Januari pale getini, mzazi akimkabidhi mtoto: “Kilichokupeleka ni kusoma. Ya watu waachie watu. Ukiona wenzio wanafanyiana mambo, wewe jifunike ulale.” Sikutaka kumkosoa mama mbele ya mtoto, nikanyamaza. Lakini usiku usingizi ulikataa, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kila habari ya uonevu shuleni inapotoka, swali letu ni moja: nani kafanya? Wanatajwa vinara wawili au watatu, wanachapwa au wanafukuzwa, wazazi tunapumua, mkuu wa shule anafunga faili. Mimi nasema kwa miaka 23 niliyolala ukuta mmoja na wasichana 48 kwamba swali hilo halitoshi. Bweni zima lilikuwepo. Kila mmoja alikuwa na kazi yake usiku ule, na wengi wao hawajui kwamba walikuwa na kazi.

Chumba changu kilikuwa mwisho wa bweni. Ukikaa nyuma ya ukuta muda mrefu unajifunza vicheko. Kuna kicheko cha habari za nyumbani, kuna kicheko cha karanga zilizoibwa jikoni, kuna kicheko cha mtu aliyesinzia prepo akaanguka na kiti. Halafu kuna kile kinachopanda kwa pamoja na kukatika kwa pamoja, kama kwaya inayomtazama kiongozi. Hicho ukikisikia, ujue kuna mtoto amesimama katikati.

Nilikisikia usiku mmoja wa Juni mwaka 1998. Baridi ya Juni kule kwetu wenyeji wanaijua. Maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole. Jenereta ilikuwa imeshazimwa saa nne, nikachukua chemli. Nilipokaribia mlango nikasikia mtu anakohoa, mara mbili. Nikaingia. Kimya. Vitanda 24 vya juu na chini, kila mtu kajifunika gubigubi, isipokuwa njuka mmoja, mgeni wa kidato cha kwanza. Yeye alikuwa amesimama juu ya tranka lake katikati ya njia, miguu mitupu, ameshika kandambili sikioni.

Waliosoma bweni wanajua huo ni mchezo gani. Mgeni anaambiwa ampigie mama yake simu kwa kandambili, amweleze kafikaje, anakula nini, anamkumbuka nani, na wakubwa wanamjibu kwa sauti ya mama. Ni wa zamani sawa na ule wa kuambiwa uzime taa ya umeme kwa kuipuliza, au upime urefu wa bweni kwa kijiti cha kiberiti.

Nikamuuliza, “Unafanya nini hapo juu?”

Akasema, “Nilikuwa naota, matroni.” Meno yalikuwa yanagongana.

Nikamwambia, “Shuka ulale, mwanangu.” Nikarudi chumbani kwangu.

Mhariri, nilijua haoti. Nilikuwa nimechoka, kesho yake tulikuwa na ukaguzi, na moyoni nikajiambia yale tunayojiambia watu wazima: ni utundu wa shule, sote tumepitia, atazoea. Baada ya likizo fupi mtoto yule hakurudi. Baba yake alikuja na baiskeli kuchukua tranka, akasaini kwenye daftari langu, akalifunga kwa mpira nyuma ya kiti. Hakuuliza kitu nami sikusema kitu. Blanketi la usiku ule si la wale wasichana peke yao. Mimi pia nilijifunika langu.

Miaka iliyofuata nilikuwa mkali. Nikisikia tu, asubuhi namtafuta aliyeanzisha na kumpeleka kwa mwalimu wa zamu. Adhabu ilifuata waraka wa mwaka 2002: viboko visivyozidi vinne, kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na vinaandikwa kitabuni. Kitabu kile kilijaa. Aliyechapwa alirudi bwenini akapokelewa kama mtu aliyerudi vitani, wengine wakimpa sukari yao. Na hata waliposimamishwa masomo, kitanda chao hakijapoa, tayari mwingine ameshika nafasi. Nilikuwa naondoa mtu mmoja na kuacha kwaya yote.

Lililonifumbua macho ni la Machi 2011. Kulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa anakojoa kitandani. Jambo hilo lipo katika kila bweni, na kila matroni analijua. Usiku ule mimi sikuwepo, nilikuwa nimempeleka mgonjwa mmoja zahanati kwa homa. Niliporudi alfajiri nilikuta godoro limelowa chapachapa mlangoni na bweni lote limeshatandika vitanda, siku ambayo kwa kawaida ningewaamsha kwa kugonga sufuria. Bweni linalotandika kabla ya kengele lina jambo.

Sikuuliza nani kafanya. Swali hilo nilishalijua jibu lake, lilikuwa moja kwa watu 48: “Sijui, matroni, nilikuwa nimelala.” Safari hii nilichukua daftari la vitanda, nikachora bweni kwa rula, kitanda kwa kitanda, mlango, dirisha na swichi ya taa. Nikakaa kwenye stoo ya mablanketi, nikawaita mmoja mmoja kuanzia kitanda namba moja. Ilinichukua siku mbili. Nilimuuliza kila mmoja: ulikuwa wapi? Umekaa au umelala? Mikono yako ilikuwa imeshika nini? Uliona miguu ya nani?

Mtoto anaweza kukana kosa. Kukana mahali alipokuwa amekaa ni vigumu zaidi, hasa akijua jirani yake ataulizwa hilohilo.

Siku ya pili jioni mchoro wangu ulikuwa umejaa. Mmoja alianzisha. Wawili walisaidia: mmoja alivuta shuka, mwingine akambebesha mtoto godoro kichwani na kumtembeza njia nzima akiimbishwa, kisha akammwagia ndoo ya maji. Mmoja alisimama mlangoni. Kumi na saba walicheka, baadhi wakipiga makopo. Ishirini na wanne walijifunika. Hao pamoja na mwenyewe aliyeonewa ni 46. Wawili waliobaki nitawaeleza baadaye.

Yule wa mlangoni alikuwa kidato cha pili. Alikaa mbele yangu mkavu kabisa, akaniambia, “Mimi sikumgusa, matroni. Nilikuwa wa kukohoa tu.” Nikamwambia kikohozi chake ndicho kilichowapa wenzake muda wa kuzunguka na yule mtoto mara tatu badala ya mara moja. Nikamwambia pia kwamba kikohozi hicho nilishakisikia miaka kumi na mitatu nyuma, kabla yeye hajaanza hata kutembea vizuri, na kwamba inaonekana kinarithishwa. Hapo ndipo alipoanza kulia. Hakuwahi kufikiri kwamba kusimama mlangoni ni kufanya kitu.

Waliocheka nao walikuwa na lao. Mmoja alisema sentensi ambayo niliiandika pembeni ya mchoro, ninayo mpaka leo: “Nilicheka ili wasinione sicheki.” Nilipowauliza wengine kama kweli walifurahi, watatu au wanne walisema ndiyo. Waliobaki waliinamisha vichwa. Lakini aliyeanzisha angejuaje? Yeye alisikia vicheko kumi na saba.

Wale 24 wa blanketi ndio walionisumbua zaidi. Mmoja aliniambia alikuwa anahesabu, akafika mia tatu. Mwingine aliuma shuka. Karibu wote walitoa hesabu ileile: nikiinuka leo, kesho godoro ni langu. Na wengi wakasema, bila kusita, nyumbani waliambiwa ya watu wawaachie watu. Walikuwa watoto watiifu. Walifanya hasa walivyoagizwa.

Nikamwita na kinara. Kidato cha tatu, mpole darasani, walimu wakimpenda. Nilitegemea jeuri. Akaniambia alipokuwa njuka alipimishwa bweni hili kwa kijiti cha kiberiti, usiku, akitambaa, na akikosea hesabu anaanza upya. Nikamuuliza lilifika vijiti vingapi. Hakufikiri. “412,” akasema. Miaka miwili ilikuwa imepita na namba hiyo ilikuwa bado ulimini. Simtetei. Aliyelowa maji usiku ule hakumpimisha mtu kitu. Lakini nilielewa kwa nini wanaosaidia kwa nguvu zaidi huwa ni kidato cha pili: wao ndio walioonewa mwaka jana, na zamu imetoka kwao juzi tu.

Sasa wale wawili. Wa kwanza ni msichana mdogo wa umbo, kitanda cha juu karibu na dirisha. Nilipomuuliza mikono yake ilikuwa imeshika nini, akasema ilikuwa mdomoni, ameikunja kama tarumbeta. Ndiye aliyepiga kelele, “Matroni huyo!” Mimi nilikuwa kilomita mbili, zahanati. Alisema uongo gizani, wote wakatawanyika, godoro likatupwa mlangoni. Basi. Alikuwa anaogopa nitamwadhibu kwa kusema uongo, na anaogopa zaidi wenzake wakijua wamwite mchongezi. Wa pili hakusema neno lolote usiku. Saa kumi na moja alfajiri aliamka, akachukua ndoo yake mwenyewe, akamwambia aliyeonewa, “Twende bombani, nami nina za kufua.” Wakafua pamoja. Mtoto yule aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye mfuko ili atoroke kengele ya kwanza ikigongwa. Hakutoroka kwa sababu shuka lake lilikuwa kwenye kamba na mtu wa kulianua naye.

Mwaka uliofuata mwalimu wetu wa malezi na ushauri nasaha alinisomea kurasa alizozipata kuhusu utafiti wa Finland. Mtafiti Christina Salmivalli na wenzake mwaka 1996 waliwauliza watoto 573 wa darasa la sita nani hufanya nini mwenzao anapoonewa. Wakapata mafungu yaleyale ya mchoro wangu: waonevu kama wanane katika kila mia, wasaidizi kama saba, wanaochochea kwa kucheka na kushangilia karibu mmoja katika kila watano, wanaojiweka kando karibu robo, watetezi kama 17 katika mia, na wale wanaoonewa wenyewe. Akanisomea na wa Canada. Wale walitega kamera na vipaza sauti kwenye viwanja vya shule za msingi mjini Toronto, wakaona kwamba katika matukio 88 kati ya kila mia ya uonevu kuna watoto wengine wanatazama. Mara chache mtoto mmoja anapoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu hukoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi, Mhariri. Ndiyo “Matroni huyo!” ya bweni langu.

Nieleze nilichofanya, maana lawama bila kazi hazisaidii mtu. Yule mpiga kelele sikumpandisha mstarini apigiwe makofi. Ningemwumiza. Nilihamisha vitanda tu, kama ninavyohamisha kila muhula, na mtoto aliyeonewa akajikuta amelala kati ya wale wawili. Walikuwa wanamwamsha saa sita usiku kwenda chooni, kwa zamu, bila kutangaza. Nilimpeleka zahanati akapimwa. Kufikia Agosti godoro lilikuwa kavu. Nilikuja kusikia kwamba Finland nako wana mpango wa shule uitwao KiVa, na moja ya hatua zake ni mwalimu kukaa faragha na wanafunzi wachache wenye huruma na kuwaomba wawe karibu na aliyeonewa. Nilifurahi kusikia, ingawa sisi tulianza kwa sababu ya shuka kwenye kamba.

Jambo la pili ni swichi. Siku hizo umeme wa gridi ulikuwa umeshafika, na swichi ya taa ilikuwa ukutani karibu na kitanda namba saba. Sheria ya shule ilikuwa taa zikizimwa haziwashwi. Nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamwomba abadilishe sheria hiyo kwa bweni langu. Mwanafunzi yeyote, wa kidato chochote, anaruhusiwa kuwasha taa saa yoyote ya usiku, na hakuna mtu, hata kiranja, hata mimi, mwenye haki ya kumuuliza kwa nini. Mkuu alisita kwa sababu ya bili, kisha akakubali. Muhula wa kwanza taa iliwaka usiku mara nne. Sikuuliza ni nani. Nilichokuwa nakitaka ni kwamba mtu wa blanketi apate kitu cha kufanya ambacho hakihitaji ushujaa. Mtoto wa miaka 14 hutamwambia asimame mbele ya wakubwa watano awaambie acheni. Lakini kunyoosha mkono gizani anaweza. Na taa ikiwaka, wanaocheka wanaonekana nyuso.

Kinara hakufukuzwa. Sitasema aligeuka malaika. Aliacha, na alipomaliza kidato cha nne alikuja kuniaga.

Nina neno kwa wakuu wa shule kuhusu viranja. Tunampa mtoto wa miaka 16 mamlaka ya kuwapigisha wenzake magoti, kuwafyekesha majani, kuandika majina ya kupeleka kwa mwalimu, kisha tunashangaa usiku akiendeleza kazi tuliyompa mchana. Nimeona viranja wazuri sana, na nimeona wengine ambao uonevu wao ulikuwa na muhuri wetu. Kiranja asimamie usafi na foleni ya chakula. Adhabu ibaki kwa watu wazima wanaowajibika kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kutendewa ukatili na kudhalilishwa, na inampa kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa. Haikusema isipokuwa bwenini. Mtoto au mzazi asiyepata wa kumsikiliza shuleni kuna namba 116, ni ya bure.

Na kwa wazazi wenzangu mnaofunga matranka wiki hii: maneno yale ya getini yabadilisheni. Najua yanatoka kwenye mapenzi. Lakini mkiwaambia wote 48 wajifunike, yule mmoja atakayesimamishwa juu ya tranka anaweza kuwa wa kwenu, na hakutakuwa na mtu wa kuwasha taa.

Kuna mama mmoja, sasa atakuwa na zaidi ya miaka 40, ambaye mwaka 1998 aliniambia alikuwa anaota. Ikiwa barua hii itakufikia, nilijua huoti. Nilipaswa kukushusha, kukuvika soksi zangu, na kuwaamsha wote. Nisamehe, mwanangu.

Jana nilikaa na binti yangu jikoni tukazungumza, naye akazungumza na mtoto kwa maneno yake mwenyewe. Jumatatu nitawasindikiza. Tukishakabidhi tranka na kusaini daftari, nitamwomba matroni wa pale, kwa heshima, atuonyeshe swichi ya taa iko wapi.

Matroni mstaafu,
Makambako, Njombe